Vumbi la Faiba: Njia za Mkato za Kupiga Msasa Boti na Afya ya Fundi

Malengo ya somo

Baada ya kulisoma somo hili, mhudumu wa afya ataweza kuitambua kazi ya kukarabati boti za faiba kuwa chanzo cha maradhi ya ngozi, macho, masikio na mapafu. Ataweza kuuliza maswali yanayofichua chanzo hicho. Na ataweza kumshauri mgonjwa bila kumnyang'anya riziki yake. Fundi na jamaa zake, kwa upande wao, watajua ni njia zipi za kuokoa muda zinazofaa na ni zipi zinazokopa muda leo ili zilipwe kwa afya kesho.

Utangulizi

Mti uitwao msasa una majani yenye kukwaruza, na maseremala wa zamani waliyatumia kusugulia mbao mpaka zikalainika. Jina la mti likahamia kwenye karatasi ya dukani, na kazi yenyewe ikaitwa kupiga msasa. Kwa muda mrefu kazi hiyo ilihusu mbao, na vumbi lake lilikuwa la mbao. Siku hizi, kando ya mashua na ngalawa, pwani zina boti za faiba za uvuvi, za kupiga mbizi na za kusafirishia wageni, nazo zinapozeeka hupandishwa ufukweni zikarabatiwe. Fundi aliyefunzwa kuchonga na kutia kalafati hujikuta akisugua kitu kingine kabisa.

Faiba si kitu kimoja. Ni nyuzi nyembamba za kioo zilizoshikanishwa kwa utomvu wa viwandani uitwao resini. Boti nyingi hutumia resini ya poliesta, ambayo huyeyushwa katika kimiminika chenye harufu kali kiitwacho stairini na kugandishwa kwa kuongezewa peroksaidi kidogo. Marekebisho mengi hufanywa kwa resini ya epoksi, ambayo huchanganywa na kigandishi chake. Juu yake huja tabaka la nje linalong'aa, puti ya kuzibia mashimo, rangi, na chini ya mstari wa maji rangi ya kuzuia chaza na mwani, ambayo kwa kawaida ina shaba. Kwa hiyo anayepiga msasa boti kuukuu hasugui faiba peke yake. Anafungua tabaka zote zilizopakwa tangu boti ilipoundwa, na vumbi lake ni mchanganyiko wa hizo zote.

Kisa cha kufundishia

Kisa kifuatacho kimetungwa kwa ajili ya somo na hakimhusu mtu yeyote mahususi.

Mwanamume wa miaka 41 anafika katika kituo cha afya cha mwambao akiwa na kikohozi kikavu cha miezi 7. Kifua humbana, hasa usiku. Amekwisha kupewa viuavijasumu mara tatu, na makohozi yake yamepimwa mara mbili bila kuonekana vimelea vya kifua kikuu. Mkewe, aliyemsindikiza, anakumbuka jambo moja: wiki ya Idi, karakana ilipofungwa, mumewe alilala usiku kucha bila kukohoa.

Muuguzi anaona unga mweupe kwenye nyusi za mgonjwa na mikwaruzo mingi kwenye mikono yake. Anauliza swali ambalo halimo katika kadi ya mgonjwa.

"Kazi yako ni ipi, baba?"

"Niko kwenye boti, sista. Napiga msasa. Mwenye boti anaitaka kabla ya msimu wa wageni, kwa hiyo tunaharakisha."

Neno la mwisho ndilo kiini cha somo hili. Katika kazi hii madhara mengi hutokana na haraka kuliko uzembe, na haraka yenyewe ina sababu. Fundi hulipwa kwa boti iliyokamilika, halipwi kwa saa. Kila siku anayoipunguza ni pesa mfukoni, na ndiyo maana mafundi hubuni njia za mkato. Baadhi ya njia hizo ni za busara. Nyingine zina hatari ambayo haionekani siku hiyo.

Njia za mkato zenye hatari

Diski kubwa kwenye grainda ndogo. Diski pana husugua eneo kubwa, basi fundi huondoa kinga ya chuma na kufunga diski ya milimita 180 kwenye grainda iliyoundwa kwa diski ya milimita 115. Hesabu inaonyesha hatari yake. Grainda ndogo huzunguka kama mara 11,000 kwa dakika. Kwa kasi hiyo, ukingo wa diski ya milimita 115 husafiri kama mita 66 kwa sekunde. Ukingo wa diski ya milimita 180 husafiri kama mita 104 kwa sekunde, ilhali diski za kawaida huandikwa kikomo cha mita 80. Diski iliyopita kikomo chake inaweza kupasuka, na kinga ambayo ingevizuia vipande imekwisha kuondolewa. Hatari huzidi pale swichi inapofungwa kwa gundi ya plasta ili kidole kipumzike, kwa sababu mashine ikimponyoka fundi huendelea kuzunguka.

Kupuliza mchanga kwa kompresa. Mchanga uliochekechwa, ukirushwa kwa upepo wa kompresa, hung'oa rangi kwa dakika chache. Lakini mchanga mwingi una silika, na ukigonga boti kwa nguvu huvunjika kuwa chembe zisizoonekana kwa macho, ambazo hufika ndani kabisa ya mapafu na kubaki humo. Matokeo yake ni silikosisi, ugonjwa wa makovu ya mapafu usiotibika. Uingereza ilikataza mchanga wa aina hii katika kusafishia vyuma vya viwandani tangu mwaka 1949. Mwaka 1997 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliiweka silika ya aina hiyo, inapovutwa kazini, katika kundi la visababishi vya saratani kwa binadamu.

Kusafisha kwa upepo. Kompresa hutumiwa pia kupuliza vumbi lililotua juu ya boti, sakafuni na hata kwenye nguo na nywele mwisho wa siku. Vumbi lililokuwa limetulia hurudi hewani na kuvutwa na kila aliyepo. Upepo huo ukielekezwa mwilini kwa karibu unaweza kuingia chini ya ngozi kupitia jeraha, au kuliumiza jicho au sikio.

Kusugua resini kabla haijakauka sawasawa. Resini mbichi ni laini na hukatika upesi, ndiyo sababu fundi hushawishika kuianza mapema. Vumbi la epoksi ambayo haijagandika lina kemikali ambazo bado zina nguvu ya kuusumbua mwili. Ngozi inayoguswa mara kwa mara inaweza kupata mzio, na mzio ukishaanza kwa kawaida hudumu. Baada ya hapo hata kiasi kidogo cha resini huleta upele na uvimbe.

Kuchoma rangi kwa moto. Moto wa gesi huilegeza rangi kuukuu ikabanduka, lakini rangi za zamani huenda zikawa na risasi, na zile za chini ya boti zina sumu zilizowekwa makusudi kuua viumbe vinavyojishikiza. Rangi zenye bati la kikaboni, zilizotumika sana zamani, zilikatazwa kwa mkataba wa kimataifa uliopitishwa mwaka 2001 na kuanza kutumika mwaka 2008, lakini boti kuukuu inaweza bado kuwa na tabaka zake. Kuchoma hugeuza sumu hizo kuwa moshi, na resini iliyo chini huungua pia.

Vumbi linavyofanya kazi mwilini

Ngozi. Nyuzi za kioo zinazotumika katika boti huwa na kipenyo cha kama maikromita 10 hadi 20. Huchoma ngozi kama miiba midogo, hasa kwenye viwiko, shingoni na mahali nguo inapobana. Mwasho huu ni wa mchomo, wala si mzio, na kwa kawaida hupungua mtu anapoondoka kwenye vumbi. Upele unaobaki, unaotoa majimaji au unaotokea kwenye kope na uso unapaswa kumfanya mhudumu afikirie mzio wa epoksi.

Mapafu. Kwa sababu ya unene wake, nyuzi nyingi hizo hunaswa puani na kooni, nako huleta mafua, kupiga chafya na sauti ya kukwaruza. Zinapovunjika hukatika kwa upana na hazipasuki kwa urefu kama asbesto, na mwaka 2002 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliona kwamba nyuzi za aina hii haziwezi kuainishwa kuwa zinasababisha saratani kwa binadamu. Jambo hili laweza kumtuliza mgonjwa aliyesikia kwamba faiba ni sawa na asbesto. Hata hivyo, vumbi la resini, puti na rangi lina chembe ndogo zaidi, na hizo hupenya hadi mapafuni. Mtu mwenye pumu huzidiwa. Asiyekuwa nayo anaweza kuipata kazini, hasa anapofanya kazi na vigandishi vya epoksi au rangi za kuchanganya mbili zenye isosianeti.

Mishipa ya fahamu. Stairini hutoka resini inapopakwa na kugandika. Huleta maumivu ya kichwa, kizunguzungu na uchovu unaofanana na ulevi. Mwaka 2018 shirika lililotajwa liliiweka katika kundi la vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani kwa binadamu. Ndiyo sababu haifai kulala au kula ndani ya boti iliyotoka kupakwa resini.

Macho. Vumbi na vipande vya diski hukwaruza konea. Hatari kubwa zaidi ni tone la peroksaidi ya kugandishia, ambalo linaweza kulipofua jicho. Jicho hilo lisafishwe hapo hapo kwa maji safi yanayotiririka, kope zikiwa zimefunguliwa, kwa muda usiopungua dakika 15, kisha mgonjwa apelekwe kwa daktari wa macho. Kusubiri gari kabla ya kusafisha ni kosa.

Masikio na vidole. Grainda hutoa kelele ambazo mara nyingi huzidi desibeli 95. Mwongozo wa taasisi ya Marekani ya usalama kazini unaruhusu desibeli 85 kwa saa 8, na kila ongezeko la desibeli 3 hupunguza muda huo kwa nusu, hivyo katika desibeli 100 muda salama ni dakika 15 tu. Mtikisiko wa mashine nao huumiza mishipa ya vidole. Mgonjwa hulalamikia ganzi, vidole kuchomachoma, na kushindwa kufunga vifungo vya shati.

Njia za kuokoa muda zisizoidhuru afya

Mafundi hodari wanajua kwamba muda mwingi hupotea kwa kusugua kile ambacho hakikuhitaji kusuguliwa. Njia zifuatazo hupunguza saa za kazi na vumbi kwa pamoja.

1. Kuosha kwanza. Poliesta iliyogandika mara nyingi huwa na nta juu yake, na epoksi huwa na utando wenye kunata. Nta huziba msasa, na fundi hubadilisha karatasi baada ya karatasi. Nta ifutwe kwa kitambaa chenye asetoni kidogo, mahali penye hewa na mbali na moto, mikono ikiwa ndani ya glovu. Utando wa epoksi huoshwa kwa maji ya sabuni.

2. Kukwangua kabla ya kusugua. Rangi ya chini ya boti ikilowanishwa na kukwanguliwa kwa kisu kipana chenye makali huanguka vipande vipande. Vipande huokotwa kutoka kwenye turubai, lakini vumbi haliokotwi.

3. Ubao mrefu. Ubao mwembamba unaopinda kidogo, wenye urefu wa kama sentimita 60, ukibandikwa msasa na vishikio viwili, husawazisha eneo kubwa kwa mikono. Husugua vilima na kuruka mabonde, tofauti na grainda inayochimba mashimo ambayo baadaye huhitaji puti, na puti ikahitaji msasa tena.

4. Alama za penseli. Fundi huchora mistari hafifu kote kabla ya kuanza. Mistari ikifutika, kazi imekwisha hapo. Mbinu hii isiyo na gharama humzuia kuendelea kusugua mahali palipokwisha kulainika.

5. Mfuatano wa msasa. Kuanza na namba 80, kisha 120, kisha 220, huenda upesi kuliko kuruka kutoka ule mkali hadi ule laini na kuhangaika na mikwaruzo iliyoachwa nyuma.

6. Maji. Msasa wa maji, ndoo na tone la sabuni hulituliza vumbi jingi lisipande hewani. Kazi hii ifanywe kwa mkono au kwa mashine ya upepo, kamwe isifanywe kwa mashine ya umeme wa kawaida. Tope linalotoka likusanywe lisitiririkie baharini, kwa kuwa sumu ya rangi huendelea kufanya kazi majini.

7. Kufyonza vumbi linapozaliwa. Mafundi wengine hukata dumu la plastiki na kulifunga kama kikombe kuzunguka kichwa cha mashine ya kusugulia, wakaunganisha mpira wa mashine ya kufyonza. Ubunifu huu unafaa mradi dumu liko mbali na sehemu inayozunguka, kinga ya mashine haijaondolewa, na mashine ya kufyonza ina chujio linalonasa chembe ndogo sana. Mashine ya nyumbani isiyo na chujio hilo hunasa vumbi kubwa na kulitoa lile dogo kwa nyuma, nalo ndilo lenye madhara zaidi.

Kinga ya mwili

Kitambaa kilichofungwa puani na barakoa ya upasuaji havitoshi, maana hewa hupita pembeni. Barakoa ya N95 huchuja angalau asilimia 95 ya chembe ndogo, ilimradi imekaa vizuri usoni, na ndevu huiharibia mkao. Lakini barakoa hiyo haizuii mvuke wa stairini wala asetoni. Kwa mvuke huhitajika barakoa ya mpira yenye vichujio vya kemikali, pamoja na hewa ya kutosha. Miwani ya kinga iliyofunika pande zote, vizibo vya masikio na nguo ya mikono mirefu isiyobana hukamilisha mavazi.

Baada ya kazi, nyuzi zilizo juu ya ngozi huondolewa kwa kubandika na kubandua gundi ya plasta, kisha mwili huoshwa kwa maji yanayotiririka na sabuni bila kusugua kwa nguvu. Kujiosha kwa petroli au asetoni hukausha ngozi na kuufungulia mlango mzio. Nguo za kazi zibaki karakanani au zifuliwe peke yake. Risasi iliyobebwa katika nguo humdhuru zaidi mtoto anayempokea baba mlangoni.

Mafunzo kwa mhudumu wa afya

Mgonjwa mwenye kikohozi cha muda mrefu apimwe kifua kikuu kama miongozo inavyotaka. Kazi ya vumbi haiondoi uwezekano huo. Aliyewahi kupuliza mchanga achunguzwe kwa makini zaidi, kwa sababu silikosisi huongeza hatari ya kifua kikuu, na magonjwa hayo mawili yanaweza kumpata mtu mmoja. Lakini vipimo visipoonyesha kifua kikuu, kurudia dawa zilezile hakusaidii. Maswali matano huokoa miezi mingi: Unafanya kazi gani, na kwa miaka mingapi? Unagusa vitu gani? Vumbi huondolewaje? Unavaa nini puani? Dalili hupungua siku za mapumziko au safarini?

Jibu la "ndiyo" kwa swali la mwisho laelekeza kwenye pumu ya kazini. Kifaa kidogo cha kupimia kasi ya pumzi kinaweza kulithibitisha: mgonjwa hupuliza mara nne kwa siku kwa wiki kadhaa, siku za kazi na za mapumziko, na kuandika namba. Kazi yake iandikwe kwenye faili kama vile umri unavyoandikwa. Nchini Tanzania, Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi hushughulikia magonjwa yatokanayo na kazi chini ya sheria ya mwaka 2008. Nchini Kenya ipo sheria ya mwaka 2007 ya fidia za majeraha na maradhi ya kazini. Madai ya mgonjwa husimama juu ya maandishi ya siku ya kwanza.

Hatima ya kisa

Fundi wa miaka 41 alipuliza kifaa kwa wiki nne. Namba zilishuka siku za kazi na kupanda siku za mapumziko. Alipewa dawa ya kuvuta, akaelezwa kwamba dawa pekee haitamponya akiendelea kukaa penye kilichomwanzishia pumu, kwa kuwa mwili uliokwisha kupata mzio husumbuliwa hata na kiasi kidogo. Hakuambiwa aache boti. Muuguzi alimwomba aje na mwenye karakana, nao watatu wakazipitia kazi moja baada ya nyingine: epoksi na rangi za kuchanganya zikaenda kwa wengine, wenye barakoa zifaazo na mahali penye upepo, yeye akabaki na mbao, usukani na injini. Kwa wenzake, ndoo za maji na ubao mrefu vikachukua nafasi ya grainda iliyovuliwa kinga.

Mwenye karakana aliuliza kazi itachelewa siku ngapi. Mke wa fundi akamjibu kwamba mumewe alikwisha kukosa kazi siku kumi na tisa tangu mwaka uanze, na hakuna aliyezihesabu.

Maswali ya kujipima

1. Taja tofauti mbili kati ya mwasho wa nyuzi za kioo na mzio wa epoksi.
2. Kwa nini barakoa ya N95 haitoshi wakati wa kupaka resini?
3. Mgonjwa aliyefanya kazi ya kupuliza mchanga ana kikohozi na amepungua uzito. Ni magonjwa gani mawili yachunguzwe pamoja?
4. Tone la peroksaidi limeingia jichoni mwa fundi, na hospitali iko mwendo wa nusu saa. Hatua ya kwanza ni ipi?
5. Katika karakana iliyo jirani na kituo chako, ni njia ipi ya mkato inayotumika sana, na ni ipi salama ungependekeza ichukue nafasi yake?